Kamati mpya ya wakazi: hesabuni tripu za kifusi kabla ya kusema "yaishe"

Mvua za Novemba zikikaribia, mitaa mipya ya Mbeya na Iringa inaamka. Watu wa Isyesye, Itezi au Mkimbizi wanakaa kikao, wanaunda umoja wa wakazi, wanachagua kamati ya watu saba na kupanga mchango wa barabara na mlinzi. Kufika Pasaka mwenyekiti na mweka hazina hawasalimiani. Kikao kinaitishwa, mzee mmoja anasimama: "Jamani, sisi ni majirani, yaishe." Watu wanapiga makofi, wanapeana mikono, wanarudi majumbani. Mwezi unaofuata hakuna anayechanga.

Hilo "yaishe" linanikera sana. Linamwacha aliyeuliza swali akionekana mkorofi, na aliyeulizwa anaondoka bila kujibu. Wakazi wengine wanajifunza jambo moja tu hapo: hela ya mtaa haiulizwi.

Tazama ugomvi wenyewe unavyoanza. Mwenyekiti ni mstaafu, mtu wa heshima, na ndiye anayemjua dereva wa lori la kifusi cha kumwaga barabarani. Michango ya kwanza ilipita kwenye simu yake kwa kuwa akaunti ilikuwa haijafunguliwa. Mweka hazina ni mwalimu, umri wa binti yake. Anamwendea: "Shikamoo mzee. Naomba risiti za kifusi nifunge hesabu." Mzee anamtazama: "Mwanangu, ina maana huniamini?" Kwisha habari. Binti hawezi kuuliza mara ya pili bila kuonekana hana adabu, na mzee hawezi kutoa karatasi bila kuonekana amesalimu amri kwa mtoto. Wote wawili wanaweza kuwa waaminifu kabisa na bado kamati ikavunjika.

Sina ugomvi na malezi hayo. Ninachosema ni kwamba risiti isiombwe na mtu, iombwe na utaratibu. Siku ya kwanza kabisa, kabla hela haijaingia, kamati ipitishe na kuandika kwenye muhtasari kwamba hakuna shilingi inayotoka bila hati ya malipo. Karatasi moja tu: tarehe, kazi, kiasi, jina la anayelipwa, sahihi za wajumbe wawili wasiotoka nyumba moja. Isainiwe kabla ya kulipa. Ikisainiwa baadaye imeshakuwa utetezi. Akaunti iwe ya umoja. Benki itataka katiba, muhtasari na barua ya utambulisho, kwa hiyo anzeni kushughulikia hayo mapema. Ikibidi simu itumike kwa muda, iwe laini moja iliyotangazwa kwa wakazi wote, na taarifa ya miamala isomwe kila kikao, hata kama kilichoingia ni elfu kumi.

Kifusi nacho kina karatasi yake, na hapa ndipo kamati nyingi zinapofia. Kila lori linalomwaga, andikeni tarehe, saa, namba ya gari, sahihi ya dereva na sahihi ya mkazi aliyepokea. Kabla ya tripu ya kwanza, pimeni bodi ya lori, yaani sehemu inayobeba mzigo, kwa ndani. Malori hayalingani, na "tripu" ya huyu inaweza kuwa robo tatu ya tripu ya yule.

Sasa tuseme mmechelewa, karatasi hazipo, na wawili wameshanuniana. Msimhukumu mtu. Nendeni barabarani na futi kamba. Barabara ya mita 300, upana mita 4, unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ni mita za ujazo 180. Kifusi kikishindiliwa hupungua, chukulieni sehemu moja ya tano, kwa hiyo kilichomwagwa kilikuwa kama mita za ujazo 225. Bodi ya urefu mita 4, upana mita 2 na kina sentimita 80 inabeba mita za ujazo 6.4. Gawanyeni: tripu 35 hivi. Chimbeni vishimo vitano, kimoja kila baada ya mita 60, mpime unene kwa rula, mwenyekiti na mweka hazina wote wakiwepo. Mkikuta wastani wa sentimita 15 na mzee alisema tripu 37, mwombeni radhi mbele ya watu walewale waliomsikia akituhumiwa. Mkikuta sentimita 8, hiyo ni kama tripu 19, na hapo kuna swali la kujibiwa kwenye mkutano mkuu kwa maandishi. Fanyeni hivyo kabla ya mvua. Masika ikishapita, sehemu ya kifusi imeshaingia mtaroni na kipimo kitamwonea mtu.

Ugomvi wa pili kwa ukubwa ni maji. Kwenye mitaa ya mteremko, kama ile inayopanda kuelekea mlima Loleza, mjumbe anayepinga mtaro kila kikao huitwa mbishi. Nendeni kwake siku mvua inanyesha. Mara nyingi mtakuta kalavati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, imeelekezwa kwenye kiwanja chake na ukuta wa choo umeanza kupasuka kwa chini. Mtaro usiofika kwenye korongo haujakamilika, umehamisha tu tatizo kwa jirani wa chini. Huyo mjumbe asikilizwe kwanza, hoja yake iandikwe, kisha atoke nje wakati wa kura, kama anavyopaswa kutoka yeyote ambaye uamuzi unagusa kiwanja chake.

Viwanja visivyojengwa vichangie barabara, visichangie mlinzi, na iandikwe. Mpangaji asikilizwe, lakini kura ya mradi mkubwa ni ya mwenye nyumba hata kama anaishi Dar. Kundi la WhatsApp la wakazi ni la matangazo. Swali la hela lililotumwa humo lijibiwe kwa picha ya hati ya malipo, si kwa sauti ya dakika nne usiku.

Wazee wa "yaishe" wana haki katika jambo moja, nakubali: ukikimbilia kushtaki mbali haraka, utamshinda jirani na kesho mtakutana msibani. Basi tafuteni msuluhishi hapohapo, asiye mjumbe na asiye na kiwanja kwenye barabara inayogombaniwa. Asikilize kila upande peke yake, kisha wote pamoja, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa siku hiyohiyo. Mgogoro ukiwa wa mpaka au ardhi yenyewe, kamati isijifanye mahakama. Upelekeni baraza la kata, mkijua kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza linasuluhisha tu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Na kama mweka hazina ameamua kuondoka, msimwachie aondoke na daftari kwenye mkoba, na msimkatalie kuondoka. Fanyeni makabidhiano mbele ya wajumbe watatu: daftari, hati za malipo, taarifa ya benki, orodha ya nani kachanga na nani bado, na salio limeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Asaini anayetoa, asaini anayepokea, kila mmoja abaki na nakala. Siku hiyohiyo barua ya kubadilisha watia sahihi iende benki, na wakazi watangaziwe kwamba laini ya zamani haipokei tena mchango.