Tangi lako likae wiki sita bila samaki

Mkaazi wa kwanza wa tangi langu la maji ya bahari alikuwa kamba mmoja mbichi, na maganda yake. Nilimnunua sokoni, nikamtia ndani ya kipande cha soksi ya nailoni, nikamtumbukiza kwenye maji yasiyo na samaki hata mmoja, nikamwacha aoze. Nyumbani waliona nimeharibu kitoweo. Mimi naona hizo ndizo pesa nilizotumia vizuri kuliko zote, na ningependa kila anayeanza kufuga samaki wa baharini afanye hivyo kabla ya kununua samaki.

Nasema kwa uchungu, kwa sababu mara ya kwanza sikufanya hivyo. Muuzaji alinipa tangi, mchanga, pampu na samaki watano kwa siku moja. Maji yalikuwa maangavu, nikadhani ni masafi. Siku ya nne samaki wakaanza kupanda juu, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yao ya kupumulia yakipiga haraka kama pumzi za mtu aliyetoka mbio. Siku ya tisa nilimtoa wa mwisho. Nilipomrudia muuzaji aliniambia nimepata samaki dhaifu, nichukue wengine. Hawakuwa dhaifu. Waliuawa na uchafu wao wenyewe, na aliyewauza alipaswa kujua.

Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza nacho huwa amonia. Baharini sumu hiyo hupotelea kwenye maji yasiyo na mwisho. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Kinachoiondoa ni bakteria wanaoota juu ya mawe na mchanga. Kundi moja, wakiwemo Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti. Kundi jingine, kama Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa unabadilisha maji mara kwa mara. Shida ni kwamba bakteria hawa huzaana taratibu mno. Tangi jipya huwahitaji wiki nne hadi sita, wakati mwingine nane, na muda wote huo wanataka chakula. Ndiyo kazi ya yule kamba: kuoza, ili bakteria wapate kula amonia yake kabla samaki hawajafika.

Nunua vipimo vya matone kabla ya kununua taa ya kifahari. Unatia maji ya tangi kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unangoja dakika chache, kisha unakisogeza kichupa kwenye kadi ya rangi karibu na dirisha. Vipimo vyangu vya amonia huwa njano pakiwa salama. Siku ya tano vilikuwa kijani kibichi kama jani la mchicha. Nilikitazama kile kichupa kwa muda mrefu, kwa sababu ndiyo rangi waliyokuwa wakiishi ndani yake wale samaki watano nilipokuwa nikiwasifu kwa wageni. Wiki ya tatu amonia ikaanza kushuka, nitriti ikapanda. Wiki ya nne vumbi la kahawia lilifunika mchanga wote. Ni mwani mdogo sana, huja na kuondoka wenyewe, usihangaike kusugua. Siku ya 41 amonia na nitriti zote zilisoma sifuri, na zikabaki sifuri hata baada ya kutia kipande kingine cha kamba. Hapo ndipo tangi lilipokuwa tayari. Macho hayakunionyesha lolote katika hayo, maji yalikuwa maangavu tangu mwanzo.

Sisi wa Mombasa tuna bahari mlangoni, na hilo hutudanganya. Maji yangu ya kwanza niliyateka karibu na mkondo baada ya mvua za masika. Kipimo cha chumvi kikasoma 1.019, wakati maji ya bahari kuu husoma karibu 1.025, yaani takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Mto na mitaro ilikuwa imeyapunguza nguvu, na sijui ilileta nini kingine. Ami yangu, mvuvi tangu ujana wake, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Mwanangu, maji huteki yakitoka. Yakitoka yatoka na taka za mji. Ngoja bamvua, yakijaa, uteke upande wa bahari kuu." Nilifuata neno lake. Mitungi kumi ya lita 20, tuktuk mbili, maji nikayapitisha kwenye kitambaa na kuyafunika gizani siku kadhaa. Aliye mbali na pwani safi anunue chumvi iliyotengenezewa matangi ya samaki wa baharini na maji yaliyochujwa vizuri. Chumvi ya jikoni haifai.

Jambo jingine ambalo maelezo ya watu wa nchi za baridi hayatuambii: huku huhitaji hita, unahitaji feni. Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na chumba kimefungwa, tangi langu lilifika nyuzi 31. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na samaki huihisi haraka. Feni ndogo inayopuliza uso wa maji iliyateremsha hadi 28. Ila feni hukausha, na kinachokauka ni maji tu, chumvi hubaki. Kwa hiyo kila asubuhi naongeza maji matamu, kamwe si ya bahari, mpaka kwenye alama ya utepe niliyobandika kwenye kioo. Natumia yale yaliyosafishwa ya kwenye maduka ya kujaza mitungi, maana ya kisima yana chumvi zake. Na stima ikipotea, pampu ya hewa ya betri inakaa pembeni tayari.

Tangi lenyewe alinitengenezea fundi wa vioo: sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Mwambie atumie silikoni ya kawaida isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, maana ile ya bafuni huua. Na meza iwe imara kweli, kwa kuwa likijaa maji na mawe linapita kilo 250.

Mawe ndiyo sehemu ninayotaka nisikilizwe zaidi. Usiende kuvunja tumbawe. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hakuna ruhusa ya kuchukua chochote, na kukusanya samaki wa mapambo popote Kenya kunataka leseni. Lakini hata kusingekuwa na sheria, matumbawe yetu yaliungua vibaya kwa joto la bahari mwaka 1998 na mengi hayajarudi yalivyokuwa. Mimi nilichukua vipande vilivyobaki kwenye ujenzi: jiwe letu la tumbawe, lile lililojengea Mji wa Kale, linalochimbwa nchi kavu. Lilikuwa mwamba hai zamani sana, lina matundu tele, na bakteria hulipenda. Nililisugua, nikaliloweka, nikalisuuza mpaka vumbi likaisha.

Ami aliuliza swali ambalo wengi huniuliza: mbona wafunga bahari kwenye kioo, na bahari i hapo? Nilimjibu kwamba mtaani kwetu kuna watoto walio mwendo wa nusu saa kutoka kwenye mwamba wa matumbawe na hawajawahi kuuona, kwa sababu mashua ni ghali na miwani ya kuzamia hawana. Jioni huja watatu wanne, wanakaa chini mbele ya kioo. Wanajua sasa kwamba konokono hula mwani usiku. Hilo kwangu latosha kubeba kazi yote, ila kwa sharti kwamba wanachokitazama ni uhai, si samaki wanaokufa na kubadilishwa kila mwezi.

Ndiyo maana sipendi kuona anayeanza akipewa kangaja wa buluu. Ni samaki mzuri mno, naye huzunguka mwambani mchana kutwa. Sentimita 120 ni jela kwake. Mimi nilianza na konokono wachache, kisha wiki ya nane nikaleta samaki wawili wa anemoni wa bahari yetu hii, Amphiprion akallopisos, rangi ya machungwa hafifu na mstari mweupe mgongoni. Yule maarufu mwenye mistari mitatu si wa kwetu, ni wa mashariki zaidi. Samaki wa anemoni wote huanza wakiwa madume, na anayetangulia kwa ukubwa hugeuka jike. Wangu wamekwisha kuamua: mkubwa hula kwanza, mdogo hutetemeka mbele yake kisha hula. Hawana anemoni, yule mnyama laini wa baharini ambaye hujificha ndani yake, wala sitawaletea mwaka huu, kwa sababu anemoni anataka taa kali na tangi lililokomaa. Wamechagua kona nyuma ya jiwe, karibu na pampu, na hapo ndipo hulala.

Kila Ijumaa bado natoa kichupa, nadondosha matone, nakisogeza dirishani. Kuna nafasi ya samaki wa tatu. Rangi ikibaki njano mwezi mzima, nitamleta.