Barua pepe ya papo kwa papo: wafanyabiashara wa Lubumbashi wanauziwa nini?

Kampuni ya simu inapozindua barua pepe ya kusukumwa kwa wateja wa biashara, tangazo huwa na ahadi moja: barua itaingia kwenye simu ya mkurugenzi mara tu inapotumwa, bila yeye kubonyeza chochote. Mjini Lubumbashi, Kongo, ahadi hiyo inawakuta watu ambao tayari wanapata ujumbe papo hapo, tena kwa mega chache tu. "Tuma tu ku WhatsApp, papa," ndilo jibu utakalolisikia kuanzia Kamalondo hadi Kampemba ukimwomba mtu anwani yake ya barua pepe. Kwa hiyo mwenye duka la vipuri katika komini ya Kenya ana haki ya kuuliza: nilipe tena cha nini?

Kwanza tuangalie mashine yenyewe. Zamani simu ndiyo iliyokuwa ikienda kuuliza. Kila baada ya robo saa ilifungua njia hadi kwenye seva, ikauliza kama kuna barua, ikafunga, na mara nyingi ilirudi mikono mitupu huku imekula betri na pesa. Kusukuma ni kinyume chake. Muunganisho mmoja mwembamba unabaki wazi, na seva ikipokea barua inaipeleka yenyewe. Kampuni ya Kanada ya Research In Motion ilijenga utajiri wake juu ya jambo hilo kwa BlackBerry, kuanzia mwaka 1999. Werevu wao ulikuwa katika ubahili: kilichosukumwa ni kipande cha kwanza cha barua, yapata kilobaiti 2, na kilichobaki kilikuja pale tu msomaji alipokitaka. Mitandao ya siku zile ilikuwa myembamba na ghali, na mtu aliyeishika BlackBerry mkononi alikuwa amenunua kitu ambacho wengine hawakuwa nacho.

Siku hizo zimepita. BlackBerry wenyewe walizima huduma za simu zao za zamani tarehe 4 Januari 2022. Leo simu yoyote ya Android yenye Gmail inasukumiwa barua bila mkataba wowote, na kinacholipwa ni data tu. Muuzaji akija ofisini kwako na maneno ya "papo kwa papo" kana kwamba ni uvumbuzi, mwombe aende kwenye jambo la pili, maana hilo la kwanza unalo.

Jambo la pili lipo, na hapa sikubaliani na wanaocheka huduma hizi moja kwa moja.

Uchumi wa Lubumbashi unazunguka migodi, na migodi haiandikiani na wauzaji wake kienyeji. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imetenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo, na imeundiwa mamlaka yake ya usimamizi, ARSP. Kwa maandishi, mlango umefunguliwa kwa fundi wa kulehemu wa Ruashi, kwa mama anayepika chakula cha wafanyakazi, kwa kijana mwenye magari matano ya kubebea watu. Lakini atakayepita mlango huo ataulizwa anwani. Zabuni inakuja kwa barua pepe, ina saa ya mwisho, na maswali ya ufafanuzi yana saa yake pia. Oda ya kununua inakuja kwa njia hiyohiyo, na tarehe ya kupeleka mzigo inaanza kuhesabiwa ilipotumwa, si pale ulipoifungua. Mtu anayefungua sanduku lake la yahoo.fr mara moja kwa wiki, kwenye kompyuta ya cyber, anashindwa kabla hajataja bei.

WhatsApp haizibi pengo hilo, kwa sababu ambayo wengi hugundua wakiwa wameshachelewa. Namba ni ya mfanyakazi. Mazungumzo yote na mteja, bei mlizokubaliana, picha za hati, sauti za ahadi, viko katika simu yake binafsi. Siku akihamia kwa mshindani, anaondoka na kabati zima la faili mfukoni. Wala hajaiba: simu ni yake, namba ni yake, na mteja amezoea sauti yake. Anwani iliyo chini ya jina la kampuni inabaki. Anayekuja baada yake anaifungua na kukuta kila kitu, hata ugomvi wa mwaka juzi kuhusu mifuko ya saruji iliyolowa. Tangu Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, sheria ya Kongo inayatambua maandishi ya kielektroniki kama ushahidi. Ujumbe wa WhatsApp nao ni maandishi, sikatai, lakini nani atauleta mahakamani ikiwa simu iko kwa mtu mliyeachana naye vibaya?

Halafu kuna Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita tisini hivi kutoka mjini. Wakala wa forodha hafanyi kazi kwenye meza. Yuko barabarani, yuko dirishani kwa DGDA, idara ya forodha, yuko kati ya malori. Hati za mzigo zinatoka kwa mtumaji aliye Dar es Salaam, Durban au Guangzhou, na karatasi moja yenye uzito uliokosewa inatosha kulibakiza lori hapo hadi kesho yake, huku mwenye lori akihesabu siku za kusubiri kwa dola. Kwa mtu huyo, tofauti kati ya barua iliyoingia saa nne asubuhi na ileile aliyoisoma saa tisa alasiri ni pesa inayoonekana. Ongeza na délestage, mgao wa umeme: SNEL, shirika la umeme, ikikata kuranti, ruta ya ofisini inakufa pamoja na kompyuta, na simu yenye chaji inaendelea. Mnara wa simu nao unahitaji mafuta na betri, lakini mara nyingi unastahimili kuliko jenereta ya ofisi ya watu wanne.

Kwa hiyo barua kufika kwenye simu kuna maana. Ninachokitilia shaka ni kama mtandao wa simu ndio wa kulipwa kwa hilo.

Chukua kitu kidogo ambacho matangazo hayakigusi. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa mjini zimewekwa kulinda betri kwa ukali. Ukiziacha mfukoni nusu saa, zinalaza programu zote zisizotumika, pamoja na ile ya barua. Seva inasukuma, simu imelala, na barua tano zinaingia kwa mkupuo unapowasha kioo kutazama saa. Hakuna mkataba wa kampuni ya simu unaotibu hilo. Linatibiwa na mtu anayejua kufungua mipangilio ya simu moja baada ya nyingine na kuiruhusu programu ifanye kazi wakati wote. Mtandao utakaomtuma kijana wa namna hiyo ofisini kwako, na kumrudisha simu mpya zinaponunuliwa, unauza kitu cha kweli. Bahati mbaya hiyo ndiyo sehemu ya huduma inayoachwa kwanza, kwa sababu inataka watu, na watu wanataka mishahara.

Pili, kadi za simu. Mfanyabiashara wa Lubumbashi hana mtandao mmoja. Ana Vodacom kwa wateja, Airtel kwa kijijini au kwa siku ambayo M-Pesa ya Vodacom haipiti, Orange kwa data, na akienda mpakani anatia kadi ya Zambia. Hiyo si anasa wala tabia mbaya: amejifunza kwamba kila mtandao una siku yake ya kulala. Huduma inayofungwa kwenye kadi moja inamwomba aache kinga aliyoijenga kwa miaka mingi. Historia haimtii moyo. Oktoba 2011 swichi moja kubwa ya BlackBerry iliharibika, ya akiba ikakataa kushika nafasi yake, na wateja wa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika wakakaa siku kadhaa bila barua, kabla tatizo halijafika Amerika pia. Hapa kwetu tulikuwa na letu: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima na haikurudi hadi Januari ilipokuwa imepita nusu. Siku zile kila kampuni ilikuwa sawa, yenye huduma ya biashara na isiyo nayo. Anayekuuzia uhakika wa kupata barua mwulize mkataba unasemaje kuhusu siku kama zile. Kwa kawaida husema kwamba serikali ikiamuru, kampuni haidaiwi.

Nalo suala la kasi limetiwa chumvi. Mwaka 2025 Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje. Uamuzi ulihesabiwa kuanza Jumamosi tarehe 22 Februari, nao ulitangazwa hadharani Jumatatu. Mtu wa usafirishaji hapa mjini angeweza kuwa na simu bora kuliko zote duniani na bado asingejua lolote Jumapili ile, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwandikia. Ucheleweshaji mwingi unaotuumiza unatokea kabla barua haijaandikwa: kwenye meza ya anayepaswa kutia saini, kwenye mhuri uliofungiwa kabatini, kwa mkubwa aliye safarini Kinshasa. Waya hauharakishi hayo.

Kinshasa yenyewe ni sehemu ya gharama ambayo haimo kwenye bei. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Makao makuu yakifunga kazi saa kumi na moja jioni na kumwaga barua za mwisho wa siku, hapa ni saa kumi na mbili, watu wako kwenye bukari, ugali wa jioni. Bila kusukumwa, barua ile ingesubiri asubuhi bila madhara. Ikisukumwa, inalia mezani, na kwa kuwa bosi anajua imelia, ukimya wako unakuwa jibu. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataja saa 45 kwa wiki, lakini hakuna anayehesabu dakika za kujibu barua ukiwa umekaa na watoto. Wajerumani wa Volkswagen waliliona hilo mapema: mwishoni mwa 2011 walikubaliana na wawakilishi wa wafanyakazi kwamba seva iache kusukuma barua kwenye BlackBerry za baadhi ya wafanyakazi nusu saa baada ya zamu kuisha, na ianze tena nusu saa kabla ya zamu inayofuata. Kampuni iliyokuwa na uwezo wa kununua kasi yote iliamua kuizima jioni. Kwa mwenye biashara ndogo ambaye yeye ndiye bosi na ndiye mfanyakazi, kengele hiyo haitamsumbua sana, kwani yuko macho hata hivyo. Mwenye karani anayelipwa kidogo anapaswa kufikiri mara mbili kabla ya kumpa simu ya kampuni na kuiita zawadi.

Kuna pia wezi. Mtindo wao unajulikana: wanaingia kwenye mazungumzo ya muuzaji na mnunuzi, kisha wanatuma barua inayofanana na ya muuzaji, yenye namba mpya ya akaunti ya benki. Barua hiyo hufanikiwa zaidi kwa mtu anayesoma kwenye kioo kidogo, amesimama, ana haraka, maana simu humwonyesha jina la mtumaji na kuificha anwani. Hapo WhatsApp, au tuseme kumpigia mtu na kuisikia sauti yake, inaishinda barua pepe kabisa.

Nikiyapima yote, neno ambalo ningetaka kulisikia kwenye tangazo la huduma kama hii ni "anwani", kuliko "haraka". Ikiwa mtandao unakupa anwani inayomalizika kwa jina lake, unaifunga biashara yako kama mpangaji aliyejenga kwenye kiwanja cha mwingine: kadi za biashara, bango la barabara ya Kasenga, mihuri, faili za wauzaji kwa migodi, vyote vitabeba jina la kampuni ya simu, na siku bei ikipanda hutakuwa na pa kuhamia. Ikiwa unakuandikishia jina lako mwenyewe, la .cd au lolote jingine, kwa karatasi zinazosema mmiliki ni wewe, basi hata bila kasi yoyote ya ajabu huduma ina thamani. Makampuni mengi ya hapa hayajawahi kuwa na hilo, kwa sababu hawajui wamwendee nani, huku wakala wa mtandao wa simu yupo kila kona.

Kwa kampuni ya watu kumi, ningelipia watatu tu: anayeshughulikia zabuni, aliye mpakani, na mwenye kutia saini. Wengine waendelee na Gmail kwenye jina lilelile la kampuni. Ningekataa sharti la kadi moja. Na kabla ya kutia saini ningemwomba muuzaji aandike kwenye mkataba, si kwa mdomo, ni miezi mingapi baada ya kuachana barua zangu zitaendelea kuelekezwa ninakohamia, na ni nani, kwa jina na namba ya simu, atakayepokea nikipiga siku ambayo sanduku halifunguki na zabuni inafungwa saa tisa.