Kandambili ya Mjomba na Buabua wa Kunduchi

Picha ilikuwa moja, wabishi wanne. Buabua wenye vishungi, ndege wa pwani, wamejipanga kwenye fungu la mchanga pwani ya Kunduchi, na mjomba anaapa ni wale wa aina kubwa. Sisi wengine tukasema aina ndogo, maana madomo yalikuwa rangi ya chungwa.

Tatizo ni kwamba picha ilipigwa saa kumi na mbili jioni. Jua la saa hiyo litakupaka hata domo la njano likawa karoti, na simu nayo inaongeza chumvi. Mdogo ana sentimita 35 hivi na domo lake la chungwa ni jembamba. Mkubwa anapita 45, domo njano ya kufifia, nene, limeinama kidogo. Rangi ya mgongo usiitegemee: wakubwa wa huku kwetu ni weupe kuliko ndugu zao wa Bahari ya Shamu.

"Tunahitaji kipimo," mjomba akaamua. Tukarudi asubuhi na lenzi ya milimita 400. Nikapunguza kidogo mwanga unaoingia kwenye kamera, la sivyo manyoya meupe yanaungua, yanabaki doa jeupe tupu. Mjomba akavua kandambili yake, sentimita 28, akaichomeka mchangani usawa wa ndege. Usawa ni lazima. Kitu kikisogea mbele kuelekea kamera kinaonekana kikubwa na kipimo kinakuwa uongo.

Hesabu zote alizipiga, isipokuwa ya bamvua. Dar maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita tatu, na kwenye fungu lililo bapa hayakupi muda wa kufikiri. Ndege waliruka, wakarudi, wakakaa mbali na kandambili kama imetumwa na serikali. Kisha wimbi likaing'oa.

"Mjomba, kiatu!"

"Achana nacho, piga!"

Kwa sababu buabua mmoja alikuwa ameikwea. Wanapenda kupumzika juu ya vitu vinavyoelea. Ila alikuwa ametuelekezea kifua, na ndege aliyekuelekea hapimiki: urefu wote umejificha nyuma yake. Mjomba, maji magotini, akaanza kumbembeleza ageuke. "Ubavu, baba, ubavu kidogo."

Mkondo ukamgeuza. Nikapata picha moja safi: domo nene, njano isiyo na mjadala, na ndege kaizidi kandambili mbele na nyuma, jumla zaidi ya nusu kandambili. Mkubwa. Kipimo kikaendelea na safari kuelekea kisiwa cha Mbudya, abiria juu.

Kwenye daladala konda akamtazama mjomba miguuni. "Mzee, ya pili iko wapi?"

Mjomba akaninyang'anya kamera, akamwonyesha.

Konda akaikodolea macho. "Huyo si shakwe?"