Kline ni kitanda, acheni kuichora kama sofa

Wachoraji wa vitabu vya historia na waandaaji wa maigizo ya Pasaka wana kasoro moja inayofanana. Wakitaka kuonyesha karamu ya kale huleta sofa yenye mgongo, mgeni akajilaza hovyo kama anayetazama mpira kwenye runinga. Kline, kitanda ambacho Wagiriki wa kale walikilalia wakila karamuni, haikuwa hivyo. Ni kitanda kamili, na fundi wa vitanda vya kamba wa Lamu au Unguja angekitambua mara moja: matendegu manne, yaani miguu, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, kamba au mikanda ya ngozi iliyowambwa, kisha godoro, mito na matandiko.

Wagiriki hawakuibuni desturi hii ya kula mtu akiwa amelala. Mashujaa wa Homer, mshairi wao wa kale, hula wameketi. Nabii Amosi alikwisha kuwakemea wanaojinyoosha juu ya vitanda vya pembe, na katika mchongo wa Ninawi wa karibu mwaka 645 KK, mfalme Ashurbanipal wa Ashuru amejilaza akinywa huku malkia ameketi kitini. Kwa Wagiriki nako kulala mezani kukawa heshima ya wanaume: inasimuliwa kwamba Kasandro wa Makedonia alikuwa bado anaketi karamuni akiwa na miaka 35, kwa sababu hajaua nguruwe mwitu bila wavu.

Ufunguo wa kline ni kiwiko cha kushoto. Mlaji alilalia ubavu wa kushoto, kiwiko juu ya mto uliokunjwa, mkono wa kulia ukabaki huru. Kwa hiyo ukisimama katikati ya chumba ukaikabili kline, mchago, yaani upande wa kichwa, lazima uwe kuliani kwako. Ukiuhamishia upande wa pili, mlaji wako atakula kwa mkono wa kushoto, na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote.

Chumba nacho kilijengwa kwa kipimo cha kitanda. Chukua kline yenye urefu wa mita 1.85 na upana wa mita 0.9. Zipange zikifuatana kuzunguka kuta, mbili kila ukuta, kila moja ikianzia pale upana wa iliyotangulia unapoishia. Ukuta unakuwa 1.85 mara mbili, ongeza 0.9, jumla mita 4.6. Zingeenea 8, lakini nafasi moja ni ya mlango, zinabaki 7. Ndiyo maana katika nyumba za Olynthos, mji wa Kigiriki alioubomoa mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia mwaka 348 KK, mlango wa chumba cha karamu haukai katikati ya ukuta. Ongeza kline moja kila ukuta, upate 11. Vyumba vya namna hiyo vipo Brauron huko Ugiriki, katika eneo takatifu la mungu wa kike Artemi. Mchoro wenye mlango katikati unaniambia kwamba mchoraji hakupiga hesabu.

Kila kline ilikuwa na meza yake ndogo ya miguu mitatu, fupi kiasi cha kusukumwa uvunguni. Mkitengeneza kline ya maigizo, pimeni meza kwanza, ndipo mkate matendegu. Matundu ya mfumbati na ya kitakizo yasikutane kwa kimo kimoja ndani ya tendegu. Yakikutana, mti hubaki mwembamba na hupasuka siku ya kwanza wakipanda watu wawili. Wambeni kamba kwa kubananisha upande wa mchagoni, kwa kuwa uzito wote uko kwenye kiwiko na nyonga, na hapo ndipo huanza kubonyea. Laleni juu yake, kisha kazeni upya. Kamba mpya haikosi kulegea.

Mpangilio huu ndio unaofungua mistari miwili ya Injili. Walipolala wawili au zaidi, aliye kuliani kwako alikupa mgongo, kichwa chake kikiwa usawa wa kifua chako. Akitaka kukunong'oneza hujiegemeza nyuma tu, kama yule mwanafunzi aliyemwegemea Yesu kifuani katika Yohana 13. Na kwa mtindo wa Kirumi, watu watatu kwa kitanda, walilala mshazari, miguu ikielekea nyuma, mbali na meza. Hapo yule mwanamke wa Luka 7 anaweza kusimama nyuma ya Yesu na bado akailowesha miguu yake kwa machozi. Kwa kiti na meza ndefu, angelazimika kutambaa mvunguni.

Kanisa lisilo na fedha za seremala lisiazime sofa. Magodoro matatu juu ya mikeka, yapangwe pande tatu za meza fupi, upande wa nne uachiwe wahudumu, yako karibu zaidi na ukweli. Chakula kikatwe vipande jikoni kabla ya kuletwa, maana mlaji ana mkono mmoja tu.