Blokcheni Ihakikiwe Kabla ya Kuuzwa

Husemwa mara nyingi kwamba blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, ambamo kila fungu la kumbukumbu (bloku) hufungamanishwa na lililolitangulia, ilizuka nje ya ulimwengu wa kitaaluma, na kwamba wasomi walifika baadaye kuichambua. Waraka wenyewe wa mwaka 2008 ulioitambulisha Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayotumia blokcheni, unakanusha dai hilo. Una marejeo manane tu, na matatu kati yake ni kazi za Stuart Haber na Scott Stornetta, ambao mwaka 1991, wakiwa watafiti wa maabara ya Bellcore nchini Marekani, walieleza jinsi ya kufungamanisha kumbukumbu za nyaraka za kidijitali, kila moja na iliyoitangulia, ili tarehe zake zisichezewe bila kugundulika.

Hata hivyo, naamini mchango mkubwa zaidi wa wanazuoni ni kuhoji. Kwa miaka kadhaa iliaminika kuwa Bitcoin iko salama alimradi wachimbaji waaminifu, yaani wanaotumia kompyuta zao kushindana kuongeza bloku mpya ili walipwe sarafu, wanamiliki zaidi ya nusu ya nguvu za kompyuta. Mwaka 2013, Ittay Eyal na Emin Gün Sirer wa Chuo Kikuu cha Cornell walithibitisha kwa hesabu kwamba kundi lisilofikia nusu linaweza kuficha bloku lilizopata, likaendelea kuchimba juu yake kwa siri, kisha likazitoa kwa wakati unaofanya kazi ya wenzao ipotee bure. Likizidi theluthi moja ya nguvu hizo, kundi hilo hujipatia mapato yanayopita stahili yake, hata kama bloku zake huchelewa kuwafikia wengine. Ni vigumu kutarajia ugunduzi wa aina hii utoke kwa mtu ambaye riziki yake inategemea bei ya sarafu.

Utafiti pia huvumilia muda ambao soko haliwezi kuuvumilia. Mbinu ya kuthibitisha jambo bila kufichua siri yake iliasisiwa na Goldwasser, Micali na Rackoff mwaka 1985. Mfumo wa Zerocash, ulioitumia kuficha miamala, ulichapishwa mwaka 2014.

Ndiyo maana naona si haki kwa mradi wowote wa blokcheni kupokea fedha za watu kabla ya kuchapisha kikamilifu itifaki yake, yaani kanuni zinazoongoza mfumo wake, na kuiacha ihakikiwe na watafiti wasiolipwa nao. Sharti hilo liwabane wanazuoni vilevile: anayemiliki sarafu za mfumo anaoutathmini aseme hivyo waziwazi katika ukurasa wa kwanza wa makala yake.