Peni za zamani za Uingereza: tofauti ipi inastahili kulipiwa?

Weka sarafu mbili za peni za Uingereza za mwaka 1902 chini ya taa iliyoinama. Ukizitupia jicho ni mapacha: upande mmoja Mfalme Edward VII, upande wa pili Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, ameketi na mkuki wake wa ncha tatu. Sasa fuata mstari wa bahari ulio nyuma yake. Kwenye peni ya kawaida, mstari huo unamfikia pale miguu inapopishana. Kwenye nyingine uko chini ya hapo, kana kwamba maji yamekupwa. Wakusanyaji huiita hivyo hivyo, peni ya maji kupwa, na huilipia zaidi ya mwenzake.

Je, ni halali? Wako wanaoona kwamba kulipia mstari uliosogea kidogo ni kupoteza fedha: madini ni yaleyale, mwaka ni uleule. Lakini mstari ule haukusogea wenyewe. Britannia wa maji kupwa ni yule wa peni za mwisho za Malkia Victoria, akaendelea kutumika mpaka mchoro mpya ulipokamata nafasi. Anayeishika peni hiyo anashika alama ya mabadiliko ndani ya kiwanda cha sarafu, na mtu yeyote mwenye macho anaweza kuihakiki. Hapo watetezi wana haki.

Hoja ya wapinzani inapata nguvu kwenye nafasi kati ya tarakimu za mwaka. Kwenye mihuri mingi ya enzi ya Victoria, yaani vyuma vilivyochapa sura ya sarafu, tarakimu za mwisho za mwaka ziligongwa kwa mkono, moja moja. Basi kila muhuri una upana wake wa tarehe, na orodha ya namna hiyo haina mwisho. Freeman, mwandishi wa kitabu cha sarafu za bronzi za Uingereza, ambaye namba zake ndizo zinazotumiwa na wengi, alipanga peni za bronzi kwa michoro: upande wa kichwa akaupa namba, upande wa Britannia akaupa herufi, kisha akaunganisha jozi. Huo ni mpaka wenye mantiki. Upana wa tarehe unamfaa mtafiti anayetaka kutambua mihuri iliyotumika, na kazi hiyo naiheshimu. Kuutoza bei ya adimu ni jambo jingine. Nyufa za muhuri na herufi za muhuri zilizozibwa na grisi, zikachapa hafifu, nazo ni uchakavu wa chombo tu, si mchoro mpya.

Grisi hiyo ndiyo inayowaumiza wanunuzi wa peni ya 1882. Mwaka huo kiwanda cha London kilikuwa kikifungiwa mitambo mipya, na kazi ikaenda kwa kiwanda cha Heaton cha Birmingham, kilichoweka herufi H chini ya tarehe. Peni ya 1882 isiyo na H ni adimu kwelikweli, kwa hiyo H iliyozibwa na grisi hudhaniwa haipo, na nyingine hufutwa makusudi. Tumia kioo cha kukuza mara 10, lete mwanga kutoka ubavuni ukiwa chini kabisa, halafu zungusha sarafu polepole. H iliyozibwa huacha kivuli cha miguu yake miwili. Iliyokwanguliwa huacha mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, kibonde kidogo, au doa lenye rangi isiyolingana na uso wote. Baadaye linganisha michoro ya pande zote mbili: ikiwa jozi hiyo inajulikana kwa sarafu zenye H peke yake, mjadala umekwisha. (H hiyo na KN ya King's Norton, kiwanda kingine cha Birmingham, zimo pia kwenye senti kumi zenye tundu za Afrika Mashariki za 1936, kwa hiyo anayetaka kuzoeza jicho huku kwetu anaweza kuanzia hapo.)

Peni ya 1895 inadai kipimo: pengo kati ya mkuki na herufi P ya PENNY ni takriban milimita 1 kwenye ya kawaida, milimita 2 kwenye adimu. Usipime kwa rula juu ya sarafu. Piga picha ukiwa wima juu yake, kisha linganisha pengo na upana wa peni nzima, milimita 30.8. Picha iliyoinama hudanganya.

Mizani nayo isaidie, isihukumu. Peni ya bronzi ilitoka kiwandani na gramu 9.45, na iliyotembea mifukoni miaka mingi hupungua.

Lawama moja dhidi ya soko hili siwezi kuipinga: adimu ya leo inaweza isibaki adimu. Tofauti ikishaelezwa vizuri, watu hurudi kupekua makopo yao na nyingine hujitokeza. Kwa hiyo lipia hali ya sarafu kabla ya uadimu wake, na usiisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba. Rangi ya kahawia iliyojijenga kwa miaka hairudi.

Ukiletewa peni ya 1882 iliyolika hadi chini ya tarehe pamekuwa laini tupu, toa bei ya peni yenye H. Muuzaji akikataa, mwachie.