Kuvua palipofungwa ili kujua

Ndoana ya duara ya namba 18/0 ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Upana wake ni kama sentimita 5. Ncha yake haitazami juu kama ya ile ndoana tuliyoizoea yenye umbo la herufi J, bali imekunjwa ndani, inaelekea shina lake yenyewe. Ukiiburuta taratibu juu ya kiganja huenda isikuchome hata kidogo. Kasa wengi leo wako hai kwa sababu ya mkunjo huo. Linalowakera watu ni namna manufaa yake yalivyothibitishwa: meli zilipewa ruhusa ya kwenda kuvua ndani ya bahari iliyokuwa imefungwa kwa ajili ya kasa hao hao.

Ubishi huu hurudi kila mara serikali inapotaka kutoa kibali cha majaribio kwa meli za dhulumati, yaani mshipi mrefu wa makumi ya kilomita wenye mamia ya ndoana zinazoning'inia, ziingie eneo lililofungwa ili watafiti wapime mavuo yasiyokusudiwa: kasa, papa, sulisuli, samaki wachanga. Wapenda bahari huwa na jibu la haraka, kwamba huo ni mlango wa uani. Nilikuwa miongoni mwao. Kilichonitikisa ni kusoma kwa utulivu yaliyotokea Atlantiki ya kaskazini.

Mwaka 2001 Marekani ilizifungia meli zake za dhulumati eneo kubwa mno la bahari kuu karibu na Grand Banks, upande wa Newfoundland, Kanada. Meli hizo zilikuwa zikifuata samaki upanga, yule wa minofu minene inayouzwa ghali hotelini, na ndoana zao zilikuwa zikinasa kasa duvi na kasa noa kwa wingi. Amri ya kufunga ilikuwa na haki yake. Ila pamoja na amri hiyo kikaja kibali: meli chache ziendelee kuvua humo kwa majira matatu, 2001 hadi 2003, kila moja ikiwa na mwangalizi ndani, kwa masharti ya watafiti.

Majira ya kwanza hayakuzaa kitu, na kwangu mimi hapo ndipo penye somo. Wazo lililopendwa wakati huo lilikuwa kumtia ngisi wa chambo rangi ya buluu. Kwenye matangi kasa waliofugwa walikuwa wakimkwepa ngisi wa buluu na kumwendea wa kawaida. Lilionekana jambo rahisi, la bei nafuu, lisilomgusa mvuvi. Baharini rangi haikusaidia. Wakajaribu pia kuzisogeza ndoana mbali na maboya. Nako wakatoka mikono mitupu. Sasa fikiria kama kibali kingekataliwa. Tungekuwa na kanuni ya ngisi wa buluu iliyopigwa muhuri, mabaharia wakichovya chambo kwenye rangi alfajiri, na kasa wakiendelea kunaswa vilevile huku sote tukiridhika.

Majira yaliyofuata wakageukia ndoana ya duara na chambo cha samaki wa jamii ya vibua badala ya ngisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: vikitumiwa pamoja, duvi walionaswa walipungua kwa takriban asilimia 90, na noa kwa takriban asilimia 65.

Asilimia hizo mbili zimetajwa pamoja mara nyingi mpaka zimekuwa kama jina la mtu na la baba yake, na watu wameacha kujiuliza kwa nini hazilingani. Duvi ana kichwa kikubwa na taya la kuvunjia makombe. Akimkuta ngisi, nyama yake ni kama mpira, haichaniki, basi humeza mzima, na ndoana inakwenda naye hadi kooni. Kibua nyama yake ni laini. Duvi humnyofoa kipande kwa kipande, mara nyingi ndoana inabaki nje. Na hata akiivamia, ile ya duara ni pana, haipiti kirahisi mdomoni. Ikinasa, hunasa pembeni mwa taya, mahali ambapo baharia mwenye kifaa cha kuchomolea anaweza kuifikia. Noa ni kiumbe mwingine kabisa. Chakula chake ni konyeza, hana gamba gumu bali ngozi, na mara nyingi haumi chambo; hupita tu na mapezi yake marefu, ndoana ikamkamata begani au kwapani. Kwake kinachosaidia ni kwamba ncha iliyokunjwa ndani haikwaruzi ovyo kila kinachopita.

Kwa hiyo ni wanyama wawili wanaonaswa kwa njia mbili tofauti. Hakuna tangi lililoweza kusema hilo kwa sababu huwezi kumweka noa wa mamia ya kilo kwenye tangi pamoja na mshipi wa kilomita makumi, mkondo, giza na meli inayozunguka. Wala kompyuta isingelisema pasipo kulishwa takwimu kutoka humo. Na lipo moja zaidi ambalo wanaharakati hulipita haraka: kwa chambo cha kibua, uzito wa samaki upanga waliovuliwa haukushuka, ulipanda. Waliopungua vibaya ni jodari macho-makubwa. Habari hiyo ya pili ni mbaya kwa mvuvi wa jodari, lakini ile ya kwanza ndiyo iliyofanya wavuvi wa samaki upanga waikubali ndoana mpya bila vita kubwa. Mwaka 2004 eneo lilifunguliwa tena kwa sharti la kutumia ndoana hizo.

Hapa ndipo lilipo jibu kwa wale wanaosema, "Kama ni utafiti, kwa nini samaki wauzwe?" Swali ni zuri. Lakini meli inayovua kwa maigizo haivui kama meli inayotafuta riziki. Nahodha asiye na deni la mafuta hachagui maji yale yale, halazi mshipi saa zile zile, hana haraka ile ya kuvuta kabla ya upepo kubadilika. Unachotaka kujua ni kama ndoana hiyo itamwacha kasa hai na mvuvi na chakula mezani; ukimwondolea mvuvi biashara, umeondoa nusu ya swali.

Na kufunga peke yake kuna gharama isiyoonekana kwenye ramani. Hawaii nayo ilifungiwa uvuvi wa samaki upanga mwaka 2001 kwa ajili ya kasa. Walaji wa Marekani hawakuacha kula samaki huyo. Walinunua wa meli za nchi nyingine, nyingi zikiwa hazina mwangalizi wala ndoana ya duara. Watafiti waliokuja kupiga hesabu walikadiria kuwa kasa wa ziada walionaswa kwingineko kwa sababu ya kuhamishwa huko ni zaidi ya 2,800. Ni makadirio, na wapo waliopata namba nyingine, lakini mwelekeo wake ni mgumu kuupinga.

Wanaopinga vibali hata hivyo si wajinga, na hoja yao moja inauma. Neno "utafiti" limeshachafuliwa. Japani iliwaua nyangumi wa bahari ya kusini miaka mingi kwa vibali vya kisayansi, nyama ikaishia sokoni, mpaka tarehe 31 Machi 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ikasema wazi kuwa vibali vile havikuwa vya utafiti wa kisayansi. Mtu aliyefuatilia sakata lile ana haki ya kukunja uso akisikia meli ya kibiashara inaingia eneo lililofungwa kwa ajili ya elimu.

Hoja yao ya pili ni ya hesabu, na ina uzito zaidi. Chukua California. Noa wanaofika kula konyeza pwani ile huzaliwa Papua na visiwa vya jirani, wakavuka Pasifiki nzima, zaidi ya kilomita 10,000. Kati ya 1990 na 2017 idadi yao katika maji ya California ilipungua kwa takriban asilimia 80. Mwaka 2019 serikali ilitoa kibali cha majaribio kwa meli mbili za dhulumati kuvua huko ambako uvuvi huo ulikuwa umepigwa marufuku. Watetezi wa kasa wakaenda mahakamani, na Desemba mwaka huo huo hakimu akakizuia.

Nadhani hakimu alifanya vema, na sisemi hivyo kwa huruma tu. Meli mbili, katika bahari ambamo noa wamebaki wachache hivyo, zinaweza kuvua mwaka mzima zisinase hata mmoja, na sifuri hiyo isithibitishe lolote. Au zinase mmoja, jike mwenye mayai, na hasara iwe halisi huku elimu ikiwa bado sifuri. Grand Banks ilifundisha kwa kuwa kasa walikuwa wengi: walinaswa kwa mamia katika majira yale matatu, wengi mno wakiachiwa hai, na wingi huo ndio ulioonyesha tofauti kati ya ndoana moja na nyingine. Inasikitisha kulisema, lakini mnyama akishakuwa adimu sana, wakati wa kujifunza kutoka kwake kwa ndoana umekwisha.

Florida ni habari nyingine, na ndiyo inayonifanya niandike. Pwani yake ya mashariki ilifungwa kwa dhulumati mwaka 2001, sababu kubwa ikiwa samaki upanga wachanga waliokuwa wakinaswa na kutupwa. Kufikia 2009 samaki huyo wa Atlantiki ya kaskazini alikwisha tangazwa kuwa amerudi katika hali nzuri. Mwaka 2017 ikatolewa ruhusa ya majaribio, meli zisizozidi sita, chini ya mtafiti wa chuo kikuu, ili ijulikane ni kitu gani hasa kinaogelea humo baada ya miaka 16. Zikapigwa kelele nchi nzima, na mradi haukuendelea.

Waliopaza sauti zaidi walikuwa wavuvi wa mchezo, wale wa fimbo na boti za kifahari, na hofu yao kuhusu papa na sulisuli sikuiona kuwa ya uongo. Ila hao hao huingia humo kumvua samaki upanga yule yule. Eneo lile halikuwa limefungwa kwa uvuvi, lilifungwa kwa dhulumati. Samaki walikuwa wa kutosha kutoa jibu, waangalizi wangewekwa, na swali lilikuwa halisi: je, mpaka uliochorwa kwa takwimu za miaka ya 1990 bado uko mahali pake? Huenda jibu lingekuwa ndiyo, tena kwa nguvu, na wapinzani wangepata ushahidi ambao hawakuwa nao. Hawakuutaka.

Sisi wa Bahari ya Hindi tunakula matunda ya majaribio ya wengine. Kanuni ya Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama, inazitaka meli za dhulumati zibebe vifaa vya kukatia mshipi na kuchomolea ndoana ili kasa waachiwe. Ujuzi wa vifaa vya aina hiyo ulinolewa kwenye safari kama zile za Grand Banks.

Ningetaka kila kibali kiandikwe hivi: kwanza, kionyeshe kwa hesabu kuwa idadi ya mishipi itakayolazwa inatosha kutoa jibu, pili, kitaje mapema ni mnyama wa ngapi atakayesimamisha kazi. Hawaii walifanya hilo la pili walipofungua tena mwaka 2004. Mwangalizi katika kila meli, ndoana za duara, na ukomo: duvi 17, noa 16, kwa mwaka, kwa meli zote pamoja, hai au mfu. Machi 2006, majira yakiwa bado yamechangamka, duvi wa 17 alinaswa. Meli zote zikaamriwa kukunja mishipi, na uvuvi huo haukufunguliwa tena hadi mwaka ulipokwisha.